Kanuni mbovu: uitangulie mahakamani au uingoje ikufuate?

Mtu akishika nakala ya kanuni mpya za mamlaka ya serikali, macho humkimbilia kwenye adhabu. Faini ni kiasi gani, kifungo ni miaka mingapi, leseni inafutwa au inasimamishwa tu. Wakili mzoefu huanzia kwingine. Huangalia kwanza tarehe ya kuchapishwa, kisha hutafuta ule mstari wa juu ambao wengi huuruka, unaotaja kifungu cha sheria ambacho mtunga kanuni amekitumia. Tarehe inamwambia amebakiwa na siku ngapi. Mstari ule unamwambia mtunga kanuni alipewa nguvu na nani, na kama amezitumia kupita alivyopewa.

Kanuni si sheria ya Bunge. Ina mzazi, sheria mama, na mtoto hana ruhusa ya kufanya ambalo mzazi hakulitaka. Kwamba mahakama inaweza kuifuta kanuni iliyovuka mpaka, hilo halina ubishi mkubwa katika nchi nyingi. Ubishi uko kwenye namna ya kufika mbele ya jaji. Njia kubwa ni mbili. Unaweza kutangulia: unafungua maombi wewe mwenyewe kabla hujaguswa, ukiiomba mahakama iibatilishe kanuni. Au unaweza kungoja: unaendelea na shughuli zako, na siku ukishtakiwa unajitetea kwamba kanuni uliyoshtakiwa kwayo ni batili. Ipo na ya tatu, ya barua, ambayo watu huidharau. Nitaifikia.

Nilichokiona ni kwamba wenye hasira huikimbilia ya kwanza bila maandalizi, na wanaoogopa gharama hujikuta kwenye ya pili bila kuichagua. Wote wawili hukosea, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la msingi: kanuni hii inauma kwa njia gani, na inauma lini?

Kutangulia

Mfano unaofundishwa sana ni wa lebo za dawa Marekani. Mamlaka ya chakula na dawa ilitoa kanuni kwamba kila mara jina la biashara la dawa linapoonekana kwenye lebo au tangazo, jina la dawa yenyewe liandikwe pamoja nalo. Kampuni za dawa zilisema sheria mama haikudai hivyo "kila mara". Serikali haikujibu hoja hiyo kwanza. Ilisema hakuna aliyeshtakiwa bado, kwa hiyo hakuna kesi, watu warudi makwao.

Mwaka 1967, katika kesi ya Abbott Laboratories dhidi ya Gardner, Mahakama ya Juu iliikataa hoja hiyo ya serikali. Fikiria hali ya kampuni wakati ule. Ikitii, inatupa lebo zilizokwisha kuchapwa na kulipia nyingine, na kama baadaye kanuni itaonekana batili hakuna wa kuirudishia fedha. Isipotii, inajiweka kwenye hatari ya mashtaka na ya jina lake kuchafuka mbele ya madaktari na wagonjwa. Kuwekwa kwenye njia panda ya namna hiyo, mahakama ilisema, ni madhara tosha. Jaji ajiulize mawili tu: je, suala limeiva kuamuliwa sasa, na mwombaji ataumia kiasi gani akiambiwa asubiri?

Kinachosahaulika ni kesi iliyoamuliwa siku hiyohiyo, ya watengenezaji wa vipodozi. Wao walipinga kanuni iliyoiruhusu mamlaka kuwasimamishia huduma ya uthibitisho wa rangi wanazotumia endapo wangewakatalia wakaguzi kuingia kiwandani. Wakaambiwa wasubiri. Kanuni ile haikumlazimu mtu kubadilisha chochote asubuhi ile. Ilitishia jambo ambalo lingeweza kutokea au lisitokee. Ziweke kesi hizo mbili sambamba na utaona mlango wa kutangulia unamfungukia nani. Anayelazimika kubadilisha mwenendo au kutoa fedha leo ana kesi. Anayeogopa kitu cha kesho mara nyingi hana.

Faida kubwa ya kutangulia ni upana wa ushindi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza iliweka ada kwa wafanyakazi wanaopeleka malalamiko kwenye mabaraza ya kazi. Kwa madai kama ya kufukuzwa isivyo haki au ubaguzi, ada zilifika pauni 1,200 kwa jumla. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kiliifungulia kesi amri hiyo. Kikashindwa Mahakama Kuu, mara mbili. Kikashindwa tena kwenye rufaa mwaka 2015. Mwanzoni tatizo lilikuwa kwamba kesi ilifika mapema mno: takwimu za kuonyesha madhara zilikuwa bado hazijakomaa. Hadi Julai 2017, Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu, tarakimu zilikuwa zimekwisha kusema zenyewe, kwamba malalamiko yalikuwa yamepungua kwa takribani theluthi mbili. Amri ikatangazwa haramu tangu siku ilipotolewa, na serikali ikalazimika kurudisha ada kwa waliolipa, wakiwemo maelfu ambao hawakuwahi kukanyaga mahakamani kwa ajili ya kesi hiyo. Ushindi wa namna hiyo huupati kwa kujitetea kizimbani. Lakini uhesabu pia: miaka minne, ngazi tatu za mahakama, na chama chenye mfuko wa kulipia yote hayo.

Saa ya kutangulia nayo hukimbia, na kila nchi ina saa yake. Ufaransa, maombi ya kufuta kanuni hupelekwa ndani ya miezi 2 tangu kuchapishwa. Uingereza inataka uende upesi, na kwa vyovyote usipitishe miezi 3. Ujerumani, kwa kanuni zinazoweza kupingwa moja kwa moja katika mahakama za utawala, ni mwaka 1. Kenya na Tanzania, kwa mapitio ya mahakama (judicial review) yenye lengo la kutengua, hesabu ya kawaida ni miezi 6, na Tanzania lazima kwanza mahakama ikupe ruhusa ndipo ufungue maombi yenyewe. Kenya ina mlango mwingine wa pembeni, wa ombi la kikatiba, usiohesabiwa siku kwa ukali huo, ingawa jaji atakuuliza ulikuwa umelala wapi.

Marekani ni ya ajabu kidogo: muda wa jumla ni miaka 6, ila sheria kadhaa mahususi zinatoa siku 60 tu. Na hata hiyo miaka 6, inahesabiwa tangu lini? Kituo kimoja cha mafuta na mapumziko ya malori huko North Dakota kilifunguliwa mwaka 2018, kikataka kupinga kanuni ya mwaka 2011 kuhusu ada za malipo ya kadi. Serikali ilisema muda ulikwisha hata kabla kituo hakijazaliwa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilikubaliana na kituo, kwamba saa huanza mwombaji anapoumizwa na si kanuni inapochapishwa. Wapo wanaosema hukumu hiyo imefanya kanuni zisitulie kamwe, kwani mtu anaweza kufungua kampuni mpya ili apate saa mpya. Hawajakosea sana.

Jambo la pili, baada ya muda, ni haki ya kusimama mahakamani, yaani nani anaruhusiwa kufungua kesi. Kenya, Katiba ya 2010 inamruhusu mtu kufika mahakamani kwa maslahi ya umma hata kama kanuni haijamgusa yeye binafsi. Tanzania, tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayedai haki za msingi chini ya Katiba anatakiwa aeleze kwa hati ya kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa kanuni ileile, mwanaharakati mmoja anaingia na mwingine anaishia kwenye pingamizi la awali. Ukiona hatari hiyo, mtafute aliyeguswa hasa, mwenye risiti mkononi, awe mwombaji wa kwanza.

Na la tatu, ambalo limewaumiza wengi: kufungua kesi hakuisimamishi kanuni. Mpaka jaji atoe amri ya zuio, kanuni inaendelea kuuma kama jana. Anayepokea namba ya kesi na jioni hiyo kuacha kutii, akidhani jambo "liko mahakamani", anaweza kushtakiwa kihalali kabisa huku maombi yake yakisubiri tarehe.

Kungoja

Kungoja kuna jina baya, kana kwamba ni uzembe. Si lazima iwe hivyo. Kuna nyakati ambapo ndiyo njia safi zaidi.

Katika miaka ya 1980, wanawake waliokuwa wakipinga makombora ya nyuklia walipiga kambi nje ya kituo cha kijeshi cha Greenham Common, Uingereza. Mwaka 1985 zikatungwa kanuni za kuwazuia watu kuingia eneo hilo, chini ya sheria ya ardhi za kijeshi ya mwaka 1892. Wanawake waliingia, wakashtakiwa, wakatiwa hatiani. Sasa, sheria ile ya 1892 ilikuwa na sharti moja dogo: kanuni zisiharibu haki za watu wenye matumizi ya pamoja ya ardhi ile, kama wale wenye haki ya kuchungia mifugo. Kanuni za 1985 ziliwafungia wote bila kubagua. Mwaka 1990, katika kesi ya Hutchinson, majaji wa ngazi ya juu kabisa walizitangaza batili na hatia ikafutwa. Washtakiwa wenyewe hawakuwa na haki yoyote ya kuchungia chochote. Haikujalisha. Kanuni iliyovuka mpaka haiwezi kumtia mtu hatiani, awe mfugaji au mwandamanaji.

Miaka minane baadaye abiria mmoja aliyevuta sigara kwenye behewa la treni alifika mahakama hiyohiyo, kesi ya Boddington, akidai kwamba katazo la kuvuta lilikuwa limewekwa kinyume cha sheria. Upande wa mashtaka ulisema hoja ya namna hiyo haina nafasi kwa hakimu wa kawaida, kwamba alipaswa kwenda Mahakama Kuu kwa mapitio. Majaji wakasema hapana: mtu anayeshtakiwa kwa jinai ana haki ya kuihoji kanuni inayomtia jinai, palepale alipo. Kisha wakaichunguza hoja yake, wakaiona haina uzito, na hatia yake ikabaki. Mlango aliufungua yeye, wakapita wengine.

Kabla hujaupenda mlango huo, hakikisha katika nchi yako na chini ya sheria yako upo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliweka kanuni za bei chini ya sheria ya mwaka 1942. Anayezipinga alipewa siku 60 kupeleka pingamizi kwa msimamizi wa bei, na kutoka hapo kwenye mahakama maalumu. Muuza nyama wa jumla wa Boston hakufanya hivyo. Akashtakiwa kwa kuuza juu ya bei, akataka kujitetea kwamba kanuni ni batili, akaambiwa muda wa kusema hayo ulipita. Mahakama ya Juu ikathibitisha mwaka 1944, katika kesi ya Yakus. Sheria ya hewa safi ya nchi hiyo ina kufuli ya aina hiyo hadi leo: yaliyoweza kusemwa ndani ya zile siku 60 hayasemwi tena siku ya mashtaka. Pale ambapo sheria haijaweka kufuli waziwazi, upepo umegeuka. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ilisema mahakama ya wilaya, ambayo huko ndiyo ngazi ya kwanza ya mahakama za shirikisho, inaposikiliza kesi ya utekelezaji isome sheria kwa macho yake yenyewe, isijione imefungwa na tafsiri ya mamlaka.

Wafaransa wamelitatua kwa mkato ninaoupenda. Kwao, kujitetea kwamba kanuni ni batili hakuna ukomo wa muda. Lakini tangu uamuzi wa Mei 2018 wa Baraza lao la Dola, mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala, ukipita njia hiyo huwezi tena kulalamikia kasoro za utaratibu, kama kamati ambayo haikuulizwa maoni. Hizo zilikuwa za kusemwa ndani ya miezi 2. Unabakiwa na kasoro za kiini: kwamba mtunga kanuni hakuwa na mamlaka, au alichokiandika kinapingana na sheria ya juu. Hata kama huishi Ufaransa, mgawanyo huo unasaidia kufikiri. Hoja ya utaratibu huchacha haraka. Hoja ya mamlaka haichachi.

Gharama ya kungoja iko wazi, ila watu huipima vibaya. Wanalinganisha ada ya wakili na faini, wanaona faini ni ndogo, wanangoja. Wanasahau kwamba hatia ya jinai huandikwa, na fomu za zabuni, mikopo na leseni huiuliza. Wanasahau pia kwamba hakimu wa kwanza atakayewasikiliza huenda siku yote amesikiliza wizi na ugomvi, na hoja ya kuvuka mamlaka ya kutunga kanuni itamfikia saa nane mchana ikiwa ngeni. Utashinda pengine, lakini kwenye rufaa.

Kuna hali moja ambapo kungoja ni kosa moja kwa moja, na hii ndiyo ningependa msomaji aishike kuliko nyingine zote. Si kila kanuni huuma kwa mashtaka. Nyingi huuma kwenye dirisha la ofisi. Unapeleka maombi ya leseni, karani anayapitia, anakurudishia karatasi kwa sababu kiambatisho fulani kilichodaiwa na kanuni mpya hakipo. Hakuna askari, hakuna hati ya mashtaka, hakuna kizimba cha kujitetea. Unaweza kungoja hapo miaka, na mamlaka haitakushtaki kamwe kwa sababu haina haja. Kinachobaki ni kukufanya kule kukataliwa dirishani kuwe uamuzi: omba ukataliwe kwa maandishi yenye tarehe na sababu, kisha upinge uamuzi huo na kanuni iliyouzaa. Mara nyingi saa itahesabiwa tangu barua hiyo.

Hoja uliyonayo inachagua njia pia

Ukiwa na hoja ya kuvuka mamlaka, njia zote mbili zinakufaa, na Marekani imepata uzito mpya. Tangu 1984 majaji wa huko walikuwa wakiipa mamlaka faida ya shaka pale sheria mama ilipokuwa na utata. Juni 2024, katika kesi ya wavuvi wa heringi waliotakiwa kuwalipa waangalizi wanaopanda vyombo vyao, msimamo huo ulifutwa. Sasa jaji anatafsiri mwenyewe.

Ukiwa na hoja ya utaratibu, tangulia, na uende leo. Kenya, kwa mfano, sheria ya mwaka 2013 inataka kanuni ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu ichapishwe, la sivyo inakoma kutumika. Hoja kama hiyo ni tamu: tarehe mbili tu, na kalenda ya Bunge. Lakini usisherehekee mapema. Mamlaka iliyoshindwa kwa utaratibu hurudi, inaita wadau, inafuata hatua zilezile ilizoruka, na miezi michache baadaye unakabidhiwa kanuni ileile ikiwa imevaa suti. Kama ulichohitaji ni muda wa kujipanga, umeupata. Kama ulitaka kanuni ife, umelipa bure.

Hoja kwamba kanuni haina mantiki ndiyo ngumu kuliko zote kizimbani, kwa sababu ushahidi wake umo ndani ya majalada ya mamlaka yenyewe. Mwaka 1981 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifuta sharti la magari kuwa na mikanda inayojifunga yenyewe au mifuko ya hewa. Kampuni za bima zilitangulia mahakamani, zikapata jalada lote, na mwaka 1983 zikashinda: mamlaka haikuwa hata imefikiria kubakiza mifuko ya hewa peke yake. Mshtakiwa wa kawaida angelipata wapi jalada hilo?

Barua

Iandikie mamlaka ukiitaka ifute au ibadilishe kanuni, utaje kasoro. Ufaransa, tangu uamuzi wa Alitalia wa 1989, mamlaka ina wajibu wa kufuta kanuni haramu inapoombwa, na ikinyamaza miezi 2 unahesabiwa umekataliwa, na kukataliwa huko kunakupeleka mahakamani. Kwa aliyechelewa, barua hiyo ni pumzi ya pili. Marekani pia inawapa watu haki ya kuomba kanuni ifutwe, tangu sheria ya utaratibu wa utawala ya 1946, ingawa majaji huingilia majibu ya mamlaka kwa uangalifu zaidi. Hata pale ambapo sheria haijasema lolote, barua iliyopokelewa kwa muhuri huondoa ile hoja ya upande wa pili kwamba hukuipa mamlaka nafasi ya kujirekebisha.

Ningechagua vipi

Kanuni inanitoa fedha sasa, na niko ndani ya muda: ningetangulia, lakini si peke yangu. Watu kumi wenye shughuli moja hugawana gharama, na jaji akiona viapo kumi vyenye hesabu halisi haulizi tena kama madhara yapo.

Muda umepita, adhabu ni faini ndogo, na kasoro ni ya mamlaka: ningengoja, nikiwa nimehakikisha hakuna kufuli ya aina ya Yakus. Adhabu ikiwa kifungo au kufutiwa leseni, nisingengoja hata kidogo. Ningetii, chini ya pingamizi lililoandikwa, huku barua yangu ikiwa njiani.

Na katika hali zote ningefungua jalada siku ileile: nakala ya gazeti la serikali yenye tarehe inayosomeka, sheria mama ikiwa imepigiwa mstari kwenye kifungu kinachotajwa, risiti za kila nilichotumia kutii, na karatasi moja mbele, yenye mstari mmoja tu, siku ya mwisho ya kufungua maombi.